Pampu Isiyolala

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama Kanada, Ujerumani na majimbo ya kaskazini ya Marekani, ni desturi ya watu kujenga nyumba yenye chumba kikubwa chini ya ardhi. Kiswahili kina neno lake kwa chumba cha namna hiyo: sardabu. Desturi hii haikuzaliwa na anasa. Huko udongo wa juu huganda na kuvimba wakati wa baridi, na msingi uliowekwa karibu na uso wa ardhi huinuliwa na kupasuka. Kwa hiyo mjenzi hana budi kuchimba mpaka akipite kina cha udongo unaoganda. Na akiisha kuchimba kiasi hicho, huona ni hasara kulifukia tena shimo lake. Hulifanya chumba. Ndani yake huweka tanuri la kupashia nyumba joto, mashine ya kufulia nguo, viazi vya akiba, na siku hizi hata kitanda cha mgeni.

Sasa, msomaji, hebu litazame shimo hilo kwa jicho la mchimba kisima. Mvua inyeshapo, sehemu ya maji hukimbilia mitoni, sehemu hurudi angani, na sehemu huzama ardhini. Yanayozama hupenya katika vijitundu vya mchanga na nyufa za mawe, mpaka yafike mahali ambapo kila nafasi imejaa maji. Kazi yote ya mchimba kisima ni kuutafuta uso wa maji hayo. Shimo likiupita uso huo, maji huingia, nasi twafurahi na kuliita kisima. Sardabu nayo ikiupita uso huo ni kisima vilevile, ila ni kisima chenye ngazi, taa na kitanda cha mgeni, na mwenyewe hafurahi hata kidogo.

Tena uso huo haukai pahali pamoja. Hupanda baada ya mvua nyingi, au theluji inapoyeyuka, na hushuka wakati wa ukavu. Mtu aweza kununua nyumba katika mwezi mkavu, akaingia sardabuni na kuigusa sakafu kwa kiganja, akaridhika. Kisha miezi sita baadaye akaona viatu vyake vinaelea.

Hapa mtu mwepesi wa shauri atasema: na apake saruji nzuri, maji yasipate njia. Shauri hili limejaribiwa tangu zamani, nalo lina walakini. Maji yaliyozuiwa hayaendi zake. Husimama nje ya ukuta na kusukuma. Kila mita moja ya kimo cha maji husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani moja. Tuseme sakafu ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, na maji ya nje yamepanda mita moja juu ya kiwango chake. Piga hesabu mwenyewe, nawe utaona kwamba sakafu hiyo inasukumwa kutoka chini kwenda juu kwa nguvu ya tani 80. Saruji nyembamba hupasuka. Saruji nene yaweza kustahimili, lakini jengo lote likiwa jepesi laweza kuinuliwa kama mtumbwi.

Basi wajenzi wenye busara hawashindani na maji, huyapa njia. Kuuzunguka msingi hulaza mabomba yenye matundu, wakayafunika kwa kokoto, ili maji yaone ni rahisi kuingia humo kuliko kupenya ukutani. Mabomba hayo huelekea kwenye kishimo kilichochimbwa katika pembe moja ya sardabu. Ndani ya kishimo hukaa pampu ya umeme pamoja na boya. Maji yakijaa, boya huelea na kuwasha umeme. Pampu huyasukuma maji juu kwa bomba la wima na kuyatupa nje, mbali na nyumba. Kishimo kikipungua, boya hushuka na pampu huzimika. Nimesema mbali na nyumba, na neno hilo si la kupita tu. Mwenye nyumba akiyamwaga maji kando ya ukuta wake mwenyewe, yatazama palepale, yatarudi kishimoni, na pampu itakuwa inayazungusha maji yaleyale usiku kucha kwa gharama ya umeme wake.

Kazi hii haifanyiki kwa kimya. Mwenye nyumba aliyelala huamshwa na ngurumo ya mota, kisha na mchirizo wa maji yanayopanda, na mwishowe na kishindo kimoja kikavu, kana kwamba mtu amelipiga bomba kwa nyundo. Kishindo hicho cha mwisho kina historia yake. Pampu inapozimika, maji yaliyobaki katika bomba la wima hutaka kurudi kishimoni. Vali iliyowekwa kuyazuia hujifunga ghafula. Na mwendo wa maji yote hayo hukatizwa mara moja. Mwaka 1898 mtaalamu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika mabomba ya maji ya mji wa Moscow. Alionyesha kwamba maji yanayosimamishwa ghafula huzaa wimbi la msukumo linalosafiri ndani ya bomba kwa kadiri ya mita 1,000 kwa sekunde, na kwamba wimbi hilo laweza kupasua hata chuma. Kanuni yake wahandisi huitumia mpaka leo. Na ajabu ni kwamba miaka mia moja kabla yake, mnamo mwaka 1796, Mfaransa Joseph Montgolfier, yuleyule aliyerusha puto la hewa moto pamoja na nduguye mwaka 1783, alikuwa amekwisha kuufanya mshindo huo mtumishi. Aliunda mashine ambayo maji ya kijito yanayoteremka hukatizwa na vali, na kila mkatizo huyarusha maji kidogo mlimani, bila moto, bila ng'ombe na bila mkono wa mtu. Kwa hiyo kelele inayomnyima mtu usingizi huko Kanada imewahi kumnywesha mtu mwingine maji kilimani.

Fundi akiitwa kuituliza pampu, ana njia kadhaa. Aweza kuiweka vali inayofungwa kwa msaada wa springi kabla maji hayajaanza kurudi, akaunganisha bomba kwa kipande cha mpira ili mtikisiko usipande hadi kwenye mbao za nyumba, na akakifunika kishimo kwa kifuniko kizito. Dawa iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kukipanua kishimo chenyewe. Kishimo chembamba hujaa upesi na kukauka upesi, na pampu huwaka na kuzimika mara nyingi kwa saa moja. Kishimo kipana huipa pampu kazi ndefu na mapumziko marefu, nayo huishi miaka mingi zaidi.

Hata hivyo kelele si adui mkubwa. Wahenga walisema kimya kikuu kina mshindo mkuu, na katika jambo hili wamesema kweli tupu. Usiku wa kuogopwa ni ule ambao mvua inanyesha na pampu haisikiki. Tufani iletayo maji ndiyo hiyohiyo ing'oayo miti na kukata nyaya za umeme, kwa hiyo pampu hunyamaza saa ileile inayohitajiwa. Ndiyo sababu watu waangalifu huweka pampu ya pili inayotumia betri. Mtu aliyejenga chini ya uso wa maji amefanya mapatano na ardhi: ardhi itamwachia chumba kikavu, naye atayatoa maji leo, kesho na mtondogoo, muda wote nyumba itakapokuwapo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mapatano hayo hayakuanzia katika sardabu za nyumba. Yalianzia migodini, na yalipoanzia yalizaa mambo makubwa ambayo waliyoyaanzisha hawakuyatazamia.

Mchimba madini hukutana na maji kama mchimba kisima akutanavyo nayo, lakini tofauti yao ni kwamba mmoja huyakuta mwisho wa kazi yake, na mwingine huyakuta mwanzo wa mashaka yake. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu cha Georgius Agricola, mganga wa Ujerumani aliyeishi kati ya wachimba madini. Ndani ya kitabu hicho imo michoro ya mashine za kutolea maji: minyororo ya ndoo, magurudumu yanayozungushwa na mto, farasi wanaozunguka, na watu wanaokanyaga magurudumu kutwa nzima. Humo zimo pia pampu zilizopangwa moja juu ya nyingine kama ngazi, kila moja ikiipokea ya chini yake. Kwa nini hazikuwekwa pampu moja ndefu? Kwa sababu mafundi walikuwa wamejifunza kwa taabu kwamba pampu ya kuvuta haiyapandishi maji zaidi ya mita 10 hivi, hata ikaundwa kwa ustadi gani. Walijua hivyo; sababu yake hawakuijua. Galileo alilitaja jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638, na mwaka 1644 Evangelista Torricelli, aliyekuwa msaidizi wake, akaeleza kwamba sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito. Pampu haivuti chochote. Huondoa hewa iliyo juu ya maji, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu, mpaka nguzo ya maji ilingane nao kwa uzito. Hivyo elimu ya uzito wa hewa, ambayo wewe hufundishwa darasani kwa bilauri na kikaratasi, ilichochewa na watu waliosumbuliwa na maji ya ardhini.

Katika Uingereza migodi ya makaa ya mawe na ya bati ilizidi kwenda chini, na farasi hawakutosha. Mwaka 1698 Thomas Savery alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mashine ya kupandishia maji kwa nguvu za moto, lakini mashine hiyo haikufaa kwa vina virefu. Aliyefaulu ni Thomas Newcomen, muuza vyombo vya chuma wa mji wa Dartmouth, mtu asiyekuwa na chuo wala cheo. Mwaka 1712 alisimamisha injini yake kwenye mgodi wa makaa karibu na Dudley. Mvuke uliingia katika silinda kubwa chini ya pistoni. Maji baridi yakanyunyiziwa ndani. Mvuke ukawa matone na kuacha nafasi tupu. Na hapo ile hewa ya Torricelli, yenye uzito wake, ikaisukuma pistoni chini. Boriti kubwa iliyopita juu yake iliinama upande mmoja na kuinuka upande wa pili, ikivuta fito za pampu zilizoshuka mgodini. Injini hiyo ilikwenda mara 12 kwa dakika, na kila mara iliinua kadiri ya lita 45 kutoka kina cha mita 46 hivi. Ilinguruma, ilipiga miluzi, ilikula makaa kwa pupa, lakini mgodi ulikauka.

Wanafunzi wengi huniambia kwamba injini ya mvuke ilibuniwa kwa ajili ya gari la moshi. La, haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi kabla ya kuwapo gari la moshi, kazi yake kubwa ilikuwa kupiga maji. James Watt naye aliianza njia yake kwa kutengeneza kielelezo cha injini ya Newcomen katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akaona jinsi joto linavyopotea kwa kuipoza silinda ileile inayotakiwa kuwa moto. Hati ya uvumbuzi wake ni ya mwaka 1769. Yeye na mshirika wake Matthew Boulton walipowawekea injini wenye migodi ya Cornwall, hawakuwatoza bei ya mashine peke yake. Walidai kila mwaka theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Watu wa Cornwall walilalamika sana, lakini wangefanya nini? Bila pampu hapakuwa na mgodi. Na ile reli iliyotoka Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ilibeba juu yake vitukuu vya pampu ya Newcomen.

Mpaka hapo habari ni ya ushindi. Lakini historia ya pampu ina ukurasa wa pili, na huo ndio niutakao uusome kwa makini: ni nini huwa siku ile mtu anapoacha kupiga maji?

Jibu la kwanza tutalipata London. Chini ya mji huo kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, na chini ya mfinyanzi huo kuna mwamba mweupe wa chaki uliojaa maji. Zamani maji hayo yalikuwa yamebanwa hata mtu akitoboa mfinyanzi yalipanda yenyewe. Bubujiko za uwanja wa Trafalgar, zilizoanza kutoa maji katika miaka ya 1840, zililishwa na visima virefu vilivyotobolewa jirani. Wenye viwanda vya pombe, vya karatasi na vya kila namna walichimba visima vyao, kila mtu akiuhesabu mwamba ule kuwa tangi lake. Uso wa maji ukashuka mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1960 maji yaliyo chini ya katikati ya mji yalikuwa yameshuka hadi mita 88 chini ya usawa wa bahari.

Katika muda huohuo mji ulikuwa ukijengwa. Njia za reli za chini kwa chini zilichimbwa, majengo marefu yakasimamishwa, na sardabu zikachimbwa kwa kina ambacho babu zao wasingethubutu. Wajenzi walipima ardhi na kuikuta kavu, wakaamini kwamba ukavu huo ni tabia yake. Haukuwa tabia yake. Ulikuwa kazi ya mikono ya watu wengine, ambao hawakuwajua na ambao hawakuwa wamewaahidi lolote.

Kisha viwanda vikaanza kufungwa au kuhamia kwingine, na pampu zake zikanyamaza moja baada ya moja. Hapakuwa na kishindo chochote, wala gazeti lililoandika siku hiyo kwamba msiba umeanza. Maji yalianza tu kurudi kwao. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 yalikuwa yakipanda, mahali pengine, kwa kadiri ya mita 3 kila mwaka. Wahandisi walipiga hesabu wakaona kwamba yakiachwa hivyo, mfinyanzi ulio chini ya misingi utalowa na kulegea, majengo mengine yatatikisika mahali pake, na njia za reli zitavuja. Katika miaka hiyo ya 1990 kampuni ya maji ya mji, shirika la reli za chini na idara ya serikali ya mazingira walikaa pamoja wakapanga jambo ambalo lingewachekesha watu wa karne ya 19: kuchimba visima vipya na kuongeza kupiga maji, ili kuuzuia uso wa maji usipande zaidi. Mpango ulifaulu, na maji mengi yaliyotolewa hutumiwa na wakazi. Lakini angalia: hakuna tena aulizaye kama pampu zitazimwa. Swali lililobaki ni nani atakayezilipia.

Kabla hatujaondoka hapo, tazama nyumbani. Nyumba zetu nyingi hazina sardabu, kwa kuwa ardhi yetu haigandi. Lakini katika Nairobi majengo mengi marefu yana orofa za kuegeshea magari chini ya ardhi. Mlinzi wa jengo akikuruhusu, mwulize kama lina kishimo cha pampu, na kama kipo, umwulize hufanya kazi mara ngapi katika mwezi wa Aprili. Tena Nairobi, mji uliopewa jina lake na maji baridi ya Wamaasai, umechimbwa visima virefu kwa wingi, na uso wa maji ya visima hivyo umekuwa ukishuka kwa miongo mingi. Sisemi kwamba yaliyoipata London yataipata Nairobi, maana mawe yetu ni ya volkano na si chaki, na hofu yetu ya leo ni ukosefu wa maji wala si wingi wake. Nasema tu kwamba ukavu wa ardhi ya mji wapaswa kuulizwa maswali kama mgeni mwingine yeyote: umetoka wapi, na utakaa siku ngapi?

Jibu la pili liko Ujerumani, katika bonde la Ruhr, nalo ni zito zaidi.

Huko watu walichimba makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka mia mbili kwa mashine, na kabla ya hapo kwa majembe. Makaa hayo yaliyeyusha chuma cha Ujerumani, yakaendesha vita viwili vya dunia, na baada ya mwaka 1945 yakasaidia kuijenga upya Ulaya ya Magharibi. Lakini kila tani iliyotolewa iliacha nafasi tupu, na nafasi tupu chini ya ardhi haidumu. Dari ya mgodi ilianguka polepole, na pamoja nayo ikashuka nchi iliyo juu, na mashamba yake, barabara zake, makanisa yake na nyumba zilizokaliwa na watu. Mahali pengine ardhi ilishuka zaidi ya mita 20. Hebu simama chini ya jengo la orofa sita ukatazame juu: ndicho kimo ambacho mitaa mingine ya huko imeshuka, watu wakiwa ndani.

Matokeo yake utayafahamu kwa urahisi ukikumbuka kwamba maji hayapandi mlima. Mto Emscher, unaopita katikati ya bonde, ulikuwa mvivu tangu zamani. Nchi iliposhuka na kuwa kama sahani, ulikosa pa kwenda. Maji machafu ya miji yalituama, na maradhi yakafuata. Mwaka 1899 miji, wenye migodi na wenye viwanda waliunda chama cha kuushughulikia mto huo. Kwa kuwa mabomba ya chini ya ardhi yangevunjika kila ardhi iliposhuka, waliugeuza mto mzima kuwa mfereji wa saruji ulio wazi, uliobeba taka mchana kweupe. Kazi ya kuurudishia Emscher heshima yake ilianza mwaka 1992, na ni mwishoni mwa mwaka 2021 tu maji machafu yalipoachwa kabisa kumwagwa ndani yake. Kizazi kizima cha watu wa huko kilikua kikiamini kwamba kunuka ndiyo hali ya mto.

Na katika sehemu zilizoshuka, zikawekwa pampu. Nyingine hukaa mitaani, zikiinua maji ya mvua na ya vijito kutoka katika sahani ile na kuyatia katika mito iliyo juu yake, na kuuzuia uso wa maji ya ardhini usiingie katika sardabu za watu. Nyingine hukaa chini kabisa migodini, zikiyatoa maji yenye chumvi na madini yasije yakapanda na kuchanganyika na maji ya kunywa. Mgodi ulipokuwa hai, gharama hiyo ilikuwa sehemu ya bei ya makaa, na hakuna aliyeiona.

Tarehe 21 Desemba 2018, katika mji wa Bottrop, wachimbaji wa mgodi wa Prosper-Haniel walitoka chini kwa mara ya mwisho, wakamkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier kipande cha makaa. Ndio uliokuwa mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe katika Ujerumani. Wanaume walilia mbele ya watu, na sioni aibu yoyote katika kulia kwao. Lakini pampu hazikuzimwa siku hiyo, wala hazitazimwa. Wajerumani wanazo sheria na hesabu za kila kitu, na kwa jambo hili wameunda neno lenye maana ya "kazi za milele". Wakfu maalumu ulianzishwa mwaka 2007 ili uweke akiba na kuiwekeza, na tangu mwaka 2019 hulipia kazi hizo kwa faida ya akiba hiyo. Gharama ni zaidi ya euro milioni 200 kila mwaka. Katika bonde hilo huishi watu wapatao milioni 5, na sehemu kubwa ya miji yao, pampu zikisimama, ingegeuka polepole kuwa ziwa.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili ni kielelezo cha uaminifu: taifa limekubali deni la babu zake na kulilipa bila kelele. Nami nakubali. Lakini ni haki pia kuuliza kama babu hao waliwahi kuambiwa bei yenyewe. Mchimbaji wa mwaka 1850 alipewa ujira wake wa wiki, na mwenye mgodi akapewa faida yake ya mwaka. Hapana mkataba hata mmoja ulioandikwa jina la mtoto atakayezaliwa mwaka 2150, ambaye naye atalipa.

Siku hizi wahandisi wa Ruhr wanapunguza mzigo kwa njia ya upole. Wanayaacha maji ya migodini yapande mpaka kina walichokipima, mbali chini ya maji ya kunywa, maana kuinua maji kutoka mita 600 ni nafuu kuliko kuyainua kutoka mita 1,000. Vituo vya kupigia maji vinapunguzwa. Hakuna tena mtu anayeshuka kuzitunza pampu: hushushwa kwa bomba ndani ya mashimo ya zamani ya wachimbaji, zikazama majini, na huangaliwa kwa mitambo kutoka mbali. Juu ya mashimo hayo pameota nyasi na miti. Mpita njia husoma kibao, haoni moshi wala hasikii ngurumo, na chini ya miguu yake, usiku na mchana, maji yanapanda.